Uzamivu wa Ng'ambo

Mfereji ulikohoa gizani. Ukakohoa tena, mara mbili kavu, kisha ukavuta pumzi ndefu ndani ya bomba, na Dhahabu akafumbua macho. Kule Timbwani, Likoni, maji huja yanapotaka yenyewe. Jumamosi hiyo yaliamua kuja kabla ya adhana ya alfajiri, na asiyeyasikia angenunua ya mkokoteni wiki nzima.

Ukweli ni kwamba Dhahabu hakuhitaji kuamshwa. Tangu Jumatano usingizi ulikuwa umemhama. Alijitoa chini ya chandarua polepole asimwamshe Ummi, binti yake wa miaka sita, aliyelala mguu mmoja ukutani kama kawaida yake, akatoka uani akiwa amejifunga leso kifuani, akasukuma ndoo chini ya mfereji.

Ndoo ya kwanza haijafika nusu, kaka yake Rama akatokea na kikoi chake, amebeba mitungi miwili.

"Kaa kando, n'tateka mimi. Umelala wewe?"

"Nimelala."

"Muongo. Kitanda chako nakisikia. Siku ya tatu hii chalalamika usiku kucha."

Dhahabu aliyatazama maji yakipanda ndani ya ndoo, meusi, kisha akasema, "Leo nakwenda Shika Adabu, kwa kina Hashim. Nawarudishia kishika uchumba chao."

Rama alitua mitungi chini.

"Hiyo ni kazi yangu. Au ya ami. Tangu lini mwanamke akarudisha posa kwa miguu yake? Watu watasema nini?"

"Watu washasema, kaka. Walisema Jumatano."

Maneno hayo Rama mwenyewe ndiye aliyeyaleta. Bi Mwanasaumu, mama yake Hashim aliyemposa Dhahabu, alimsimamisha Rama na tuktuk yake barabarani, mchana kweupe, akamwambia bila kupepesa: "Mwambie dadako, kwetu hapaingii mtu aliye na safari. Aende salama." Kisha akafunga mtandio wake akaenda zake.

Safari. Dhahabu alilijua fumbo hilo vizuri. Jumatatu alikuwa amepokea barua aliyoingoja kwa miaka miwili: nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, katika historia ya uchumi. Yeye, mwalimu wa sekondari aliyepata shahada zake zote mbili kwa masomo ya jioni, akiandika insha huku mtoto amelala mapajani. Mtu wa kwanza aliyepigiwa simu naye alikuwa Hashim, na Hashim alipiga kelele za furaha mpaka akamlazimu kuiweka simu mbali na sikio. "Namwambia mama sasa hivi!" alisema. "Sasa hivi, Dhahabu!"

Akamwambia mama. Na baada ya hapo, kimya. Jumatano posa ikavunjwa. Dhahabu alimpigia Hashim mara mbili, mara mbili akaambiwa na sauti ile ya mashine kwamba nambari haipatikani. Hakupiga mara ya tatu. Mwanamume anayetaka kupatikana, alijiambia, hupatikana.

"Nakwambia kitu," Rama alisema, akijaribu kumchekesha. "Watu wengine husoma uchumi, na wengine hufanya uchumba. Wewe wataka vyote viwili kwa mpigo mmoja."

Siku nyingine angecheka. Rama akaona, akashusha sauti.

"Ile barua mwisho wake lini?"

"Leo, saa sita mchana."

"Basi usijibu kwanza. Nenda kwa yule mama, kaa naye kwa upole, mwambie utaahirisha mwaka mmoja. Ukishaolewa, taratibu—"

"Kama nilivyoahirisha kwa Jafar?"

Rama aliinamisha kichwa. Jafar alikuwa baba yake Ummi. Alimwambia Dhahabu achague, ama mke ama mwanafunzi, naye akachagua. Akavifunga vitabu kwenye gunia, akavitia uvunguni, akawa mke wa nyumbani mwaka mzima bila kusoma hata ukurasa. Mwaka ulipokwisha Jafar akaenda zake vilevile, akaliacha lile gunia uvunguni.

"Sikuwa nikisema uwe mjinga tena," Rama alisema taratibu.

"Najua, kaka."

Dhahabu aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akaitoa simu iliyokuwa imechomekwa kwenye pindo la leso. Vidole vyake vilikuwa vimelowa. Akavifuta, akaandika sentensi moja: *Naipokea nafasi hii kwa shukrani.* Akaisoma. Akamwona Hashim akicheka, yule Hashim aliyekuja mwaka jana kutengeneza pampu ya shule, akaishia kusimama dirishani na bisibisi mkononi akisikiliza somo la historia mpaka kengele ikalia. Akabonyeza. Ujumbe ukaenda.

"Ndoo!" Rama alisema. "Dhahabu, ndoo yafurika!"

---

Saa tatu asubuhi alikuwa Shika Adabu, mkono mmoja umemshika Ummi, mwingine umeshika mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na kibweta cha pete na doti mbili za kanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Jina lenyewe la mtaa lilimkaa vibaya masikioni siku hiyo.

Bi Mwanasaumu alikuwa kivulini uani kwake, ameketi juu ya jamvi, rundo la majani makavu ya mnazi upande huu na rundo la makuti yaliyokwisha kushonwa upande ule. Alikuwa akikunja jani juu ya kijiti, anapitisha uzi wa ukindu, anavuta, anachukua jani jingine. Hakuwa akiitazama mikono yake.

"Hodi hapa!"

"Karibu," alisema, kisha akainua macho akaona ni nani. Mikono ikasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Hakumwambia keti. Macho yake yakashuka kwa mtoto. "Na huyu ndiye Ummi?"

"Abee," Ummi aliitika. "Shikamoo."

"Marahaba, mamangu. Njoo huku kivulini, jua hilo si la watoto. Vua viatu, njoo."

Ummi akavua viatu, akakaa jamvini kana kwamba alizaliwa hapo. Mama yake akabaki juani.

"Umekuja peke yako?" Bi Mwanasaumu aliuliza. "Kwenu hamna wanaume?"

"Wako, Mama. Nimeomba nije mwenyewe." Aliuweka mfuko ukingoni mwa jamvi. "Vitu vyenu hivi, havijaguswa. Nilitaka tu unieleze usoni, maana maneno ya barabarani hupungua njiani."

Bi Mwanasaumu aliutazama ule mfuko kana kwamba una mdudu ndani.

"Mimi sina ubaya nawe. Nilikupenda. Muulize Hashim, nilimwambia huyu ana haya, na ana bidii, na mtoto wake amelelewa. Lakini niliposikia jambo lile, moyo ulinipasuka."

"Jambo lenyewe ni kosa, Mama?"

"Kosa, sijui. Wengi wamelifanya. Mimi naujua mwisho wake."

"Mwisho wake si mmoja kwa kila mtu. Mwalimu Margret wa shuleni kwetu alilifanya, na nyumba yake imesimama. Ana mume na watoto watatu."

"Margret? Yule mnene wa Mtongwe?" Bi Mwanasaumu alishangaa kwelikweli. "Margret yule! Na hakushikwa?"

Dhahabu hakuelewa, akadhani ni namna ya kusema. "Alikaza moyo tu, akamaliza."

"Subhanallah. Na mwili ule."

Akarudi kwenye kushona, lakini uzi ukamponyoka mara mbili. Hatimaye akaliweka kuti chini.

"Nikuulize, nawe unijibu kama wamjibu mamako. Nikikwambia acha, utaacha?"

Hilo ndilo swali Dhahabu alilokuwa akilibeba tangu Jumatano, na sasa limetua. Alimwangalia Ummi, ambaye alikuwa amechukua kijiti na jani, anaiga. Alijua kwamba neno moja tu la kunyenyekea lingeweza kumrudishia Hashim. Alijua pia lile gunia la uvunguni lilivyonuka ukungu.

"Siachi, Mama," alisema. "Nampenda mwanao. Nampenda mpaka naona aibu kulisema mbele yako. Lakini niliwahi kuacha kwa ajili ya mwanamume, na akaondoka vilevile. Leo alfajiri nimeshawajibu kwamba nakwenda. Kama ni hilo linalonitoa hapa, basi nitoke, lakini nisitoke kwa uongo."

Bi Mwanasaumu alitikisa kichwa pole pole. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Basi utakwenda kama alivyokwenda yule. Babake Hashim alikuwa mchukuzi bandarini, hapo Kilindini. Hashim ana siku arobaini tu, tumemnyoa juzi, babake akaaga asubuhi kama mtu aendaye kazini. Nami nikapika, nikafunika sahani. Kumbe siku nyingi yuazungumza na mabaharia. Zikaja kadi mbili, za picha, kisha basi. Miaka thelathini na mitatu, mwanangu. Si mjane mimi, wala si mwachwa. Nimekaa hapa nashona makuti, na kila meli ikilia hapo mlangoni mwa bandari Hashim akiwa mdogo alikuwa akiuliza kama ndiyo hiyo."

"Pole, Mama," Dhahabu alisema, na alisema kweli, machozi yalimtoka. "Lakini mimi si—"

"Na yeye alisema 'mimi si'. Kila mtu husema. Basi niambie jambo moja tu, nilale. Huyu mtoto." Akamwekea Ummi mkono kichwani. "Huyu utamwachia nani? Au utamficha naye humo melini?"

Kunguru mmoja alilia juu ya bati.

"Melini?" Dhahabu aliuliza.

"Ee."

"Meli gani, Mama?"

"Sasa meli gani mimi n'taijuaje? Hashim hakunitajia jina lake. Alikuja Jumatatu usiku anarukaruka kama mwendawazimu, kofia mkononi, ati 'Mama, Dhahabu amepata nafasi ya kuzamia ng'ambo!' Na anacheka! Mwanangu mwenyewe, aliyekuzwa bila baba kwa sababu ya kuzamia, yuacheka!"

"Alisema kuzamia?"

"Kuzamia, uzamifu, uzamivu, sijui kaliimba vipi. Mtu akizamia amezamia, kajificha melini kaenda zake."

Dhahabu hakungoja tena kukaribishwa. Aliketi pale pale ukingoni mwa jamvi, karibu aukalie mfuko, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kilichotoka mwanzo kilikuwa kilio. Katikati kikageuka kicheko, na hakuweza tena kutenganisha hiki na kile.

"Mbona wacheka? Nimesema nini?"

"Mama... uzamivu ni masomo."

"Masomo?"

"Ni shahada. Ile ya mwisho kabisa, ya juu. Ukiimaliza unaitwa daktari, lakini si wa sindano. Ndilo jina lake kwa Kiswahili, uzamivu. Sizamii meli yoyote, wallahi. Hata kuogelea sijui!"

Bi Mwanasaumu alimkazia macho, anatafuta mtego.

"Na ng'ambo?"

"Ng'ambo, Mama!" Dhahabu alinyoosha mkono, juu ya paa la jirani, kule kunakotoka honi za feri. "Ng'ambo hapa!"

"Mjini?"

"Mjini."

"Ng'ambo ya feri?"

"Ya feri, Mama. Navuka saa kumi nikitoka shule, saa tatu usiku nimerudi. Siku tatu kwa wiki."

Mama mtu mzima alichukua mtandio wake akajifunika uso wote. Mabega yakaanza kutikisika. Ummi aliacha kushona, akamtazama kwa wasiwasi.

"Nimemvunjia mtoto wa watu posa," sauti ilisema ndani ya mtandio, "kwa sababu ya feri!"

"Si wewe, Mama—"

"Siku tatu sijala. Siku tatu nakusomea dua usikamatwe na polisi wa Wazungu! Na Margret yule, masikini, nikajiuliza alipitaje kwenye kitundu cha meli!" Akaufunua uso, umelowa wote, anacheka kwa uchungu na kwa raha. "Na hao wasomi, hawakuona jina jingine? Hapa Likoni ukisema kuzamia, mama wa mtu huanza kulia. Wangetuuliza kwanza."

"Wanasema ni kama mpiga mbizi. Unalishukia jambo moja mpaka chini, mpaka uguse mchanga."

"Basi si wangesema mbizi? Mbizi haina matata." Akapangusa macho, akausogeza mwili. "Njoo. Njoo kivulini, hapo juani wafanya nini, wataka waseme mimi ni mkwe mbaya? Haya, hilo jambo lenyewe utakaloshukia mpaka mchangani ni lipi?"

Dhahabu aliona haya ghafla. "Makuti."

"Makuti yapi?"

"Haya. Makuti ya Likoni. Nataka kujua yalivyouzwa tangu hoteli zilipoanza huku kusini, nani aliyepanga bei, na wanawake walioyashona walipata nini. Ni uchumi, lakini wa zamani. Nimesoma barua za watu walionunua, zimehifadhiwa maboksi kwa maboksi. Za walioshona hakuna hata moja."

"Makuti yana daktari?"

"Yatakuwa naye, inshallah."

Bi Mwanasaumu aliokota kuti lililokamilika, akaligeuza, akalitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake anazungumza.

"Katika hizo barua," alisema, "wameandika mia ni ngapi?"

"Mia ni mia, Mama. Mia moja."

"Basi wamekudanganya. Mia ya hoteli ilikuwa mia na kumi. Sisi twashona mia na kumi, tunaandikiwa mia. Zile kumi waliziita za kuvunjika njiani. Na hazikuvunjika! Nimeshona mimi, uzi wangu haukatiki."

Dhahabu akatafuta kalamu na bahasha. Miaka miwili amekodolea macho karatasi zile, na hesabu hazikukubali, na hakujua kwa nini.

"Mia na kumi. Tangu lini? Nani alizianzisha hizo kumi?"

"N'takwambia yote. Kaa." Sauti yake ilibadilika, ikawa ndogo. "Miaka thelathini na mitatu hapa jamvini. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

---

Hivyo ndivyo Hashim alivyowakuta: mama yake anaeleza, Dhahabu anaandika nyuma ya bahasha, mtoto katikati yao na kuti lililopinda. Alikuwa na mkoba wa vyombo begani, shati limejaa grisi na vumbi jekundu. Alisimama langoni, akamwona Dhahabu, na uso wake wote ukafunguka. Kisha akauona mfuko, na kanga zinachungulia.

"Nani amekufa?"

"Posa yako," mama yake alisema. "Ilikufa Jumatano, imefufuka sasa hivi. Wewe na Kiswahili chako!"

Ikambidi aelezwe. Akaelezwa na mama, akaelezwa na Dhahabu, wakakatizana, na walipofika penye meli Hashim akakaa chini juu ya mkoba wake wa vyombo.

"Lakini nilisema uzamivu, Mama. Nilisema wazi."

"Ulisema huku waruka! Kwa nini hukusema 'anasoma mjini', kama mtu aliyezaliwa na watu?"

"Nilitaka liwe kubwa," Hashim alisema. "Ni kubwa."

Alisema hivyo akimtazama Dhahabu, na Dhahabu akainamia bahasha yake.

"Ondoka ukanawe," mama aliamuru. "Dhahabu, mmiminie maji, mikono hiyo haishiki kata. Mimi nipo hapa, nawaona."

Pipa la maji lilikuwa pembeni mwa ua, hatua ishirini tu. Dhahabu alichota, akamimina polepole juu ya mikono ile mikubwa, na maji yakashuka mekundu, kisha meusi, kisha safi. Alikuwa amesahau kovu dogo lililo kwenye kidole gumba cha Hashim. Alilitazama kama kitu alichoibiwa akarudishiwa.

"Nilikuwa Lunga Lunga," Hashim alisema. "Niliondoka Jumanne alfajiri, pampu ya kisima. Kule bondeni hakuna mtandao hata ukipanda mti. Nilipanda."

"Nilipiga mara mbili."

"Nimeziona leo njiani. Dhahabu, ulidhani nimekimbia?"

Angeweza kusema la. "Nilidhani."

Mikono ikasimama chini ya maji. "Mwaka mzima nakuja kwenu. Na hukunipa hata siku nne."

"Hashim, niliwahi kumpa mtu mwaka. Nilijua kungoja kunavyokuwa. Sikuweza tena." Alimimina kata ya mwisho ingawa mikono ilikuwa safi. "Na kuna jingine, bora ulijue. Ile barua nimeijibu leo alfajiri. Kabla sijajua habari ya meli wala nini. Nilijibu huku najua nakupoteza. Nikabonyeza."

Hapo ndipo alipoogopa kuliko pale juani mbele ya mama mtu. Hashim alipangusa mikono kwenye shati, akaichafua tena. Alikuwa akiangalia chini.

"Iliuma?" aliuliza.

"Nilidhani nakufa."

"Basi yatosha." Akainua macho, na macho yalikuwa na ule mzaha wake, lakini yamelowa pembeni. "Ungeikataa kwa ajili yangu, kila ukinuna ningedhani waikumbuka. Ningeishi na hiyo barua kitandani kama mke mwenza. La, bibi. Heri umejibu. Tena ungechelewa ningekujibia mimi."

"Kwa Kiswahili chako?"

"Kwa Kiswahili changu. 'Anakuja na meli ya saa kumi.'"

Dhahabu alicheka, na kicheko kilitoka mahali palipokuwa pamefungwa tangu Jumatano. Hashim hakumgusa, mama yuko hatua ishirini na haoni vibaya. Aliichukua kata tu mkononi mwake, na vidole vyake vikakaa juu ya vya Dhahabu kidogo zaidi ya inavyohitaji kata.

"Mpaka leo mwanawa?" sauti ya Bi Mwanasaumu ililia. "Mikono mingapi mnayo?"

Walirudi jamvini wakiwa wameachana hatua mbili, kwa heshima. Bi Mwanasaumu alikuwa ameuchukua ule mfuko, akautia nyuma ya mgongo wake.

"Huu utarudi kwenu leo jioni," alisema, "na wazee wawili, na mimi mwenyewe mbele. N'tamwomba Rama msamaha barabarani, palepale nilipomsimamisha, watu wasikie. Lakini kabla ya hapo kuna jambo moja halijanitulia, nalo si la meli."

"Sema, Mama," Dhahabu alisema.

"Siku tatu kwa wiki utakuwa ng'ambo mpaka saa tatu usiku. Huyu naye leo Lunga Lunga, kesho Ukunda, pampu haimwambii inaharibika lini. Rama yuko barabarani na tuktuk. Sitaki maneno matamu, nataka mpango. Jioni hizo, nyumba imefungwa, mtoto huyu anakaa na nani?"

Hashim alimtazama Dhahabu. Dhahabu akatazama mikono yake. Hapo ndipo alipokuwa akikwama kila usiku, hata kabla ya posa kuvunjwa. Alikuwa amepanga kumwomba jirani, alikuwa amepanga kumbeba darasani, kila mpango alioufanya ulikuwa na tundu. Na kumwomba mwanamke huyu, ambaye saa moja iliyopita hakumpa mahali pa kukaa, hakuthubutu hata kulifikiria.

Ummi alivuta uzi wake mpaka mwisho, akaukata kwa meno kama alivyoona unakatwa, akaliweka kuti lake lililopinda juu ya rundo la makuti mazuri.

"Mimi nitakaa na Bibi."